Marina Klimova, kutoka shaba hadi dhahabu, na miaka yangu ya Moscow

Marina Klimova alikuwa na miaka 17 aliposimama kwenye jukwaa la washindi la Olimpiki kwa mara ya kwanza, Sarajevo, Februari 1984. Yeye na mwenzake Igor Ponomarenko, wakishindania Muungano wa Kisovieti, walipata shaba katika dansi ya barafu, mchezo wa mwanamke na mwanamume wanaoteleza pamoja kwa kufuata muziki. Miaka minne baadaye, Calgary, wakapata fedha. Mwaka 1992, Albertville, wakapata dhahabu. Ukiyasoma hayo kwa mfululizo unadhani mambo yalipangwa tangu mwanzo. Mimi niliishi Moscow miaka yote hiyo, kwanza nikisomea udaktari na baadaye ubingwa wa mifupa, na sisi tuliowafuatilia mwaka hadi mwaka hatukuwa na uhakika wowote. Kwa muda mrefu walionekana kama watu watakaostaafu wakiwa wa pili.

Nayaandika haya kwa sababu uamuzi mmoja waliofanya mwaka 1991 ulikuja kunifaa kazini, Tanga, baada ya miaka mingi. Lakini huo uamuzi hauna uzito mpaka ujue kilichoutangulia.

Nilifika Moscow mwaka 1983 kwa ufadhili wa masomo, Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Patrice Lumumba. Mwaka wa kwanza wa mwanafunzi mgeni ulikuwa wa Kirusi tu: sarufi asubuhi, msamiati wa kitabibu mchana, na jioni kujifunza kutembea. Kutembea kwenyewe nasema, maana njia ya kutoka bwenini, mtaa wa Miklukho-Maklaya, iliganda kuanzia Novemba, na mtoto wa Tanga anapokanyaga barafu mwili wote unakakamaa, jambo ambalo ndilo linalomwangusha. Mama mmoja Mrusi aliyekuwa akikaa zamu mlangoni mwa bweni alinitazama siku kadhaa nikihangaika, akaniambia, "Binti yangu, kunja magoti. Barafu haimpendi mtu mwenye magoti yaliyonyooka." Sikujua kwamba kwa maneno hayo alikuwa amenipa pia kanuni ya kwanza ya dansi ya barafu.

Mama huyo aliipenda dansi ya barafu kwa moyo wake wote. Televisheni ya bweni ilikuwa chumba cha chini, karibu na meza yake, na mashindano yakionyeshwa hakuna aliyethubutu kubadilisha stesheni. Yeye ndiye aliyenieleza habari za Lyudmila Pakhomova na Aleksandr Gorshkov, mabingwa wa kwanza kabisa wa Olimpiki wa mchezo huo, Innsbruck 1976, mwaka ulipoingizwa kwenye Olimpiki. Alinieleza jinsi Gorshkov alivyopasuliwa pafu mwaka 1975, wakakosa ubingwa wa dunia wa mwaka huo, na mwaka uliofuata wakarudi kuchukua Olimpiki na dunia yote mawili. Mimi nilikuwa nasikiliza Kirusi chake zaidi kuliko hadithi. Hadithi ilinishika baadaye.

Kilichonishika kwanza kilikuwa kitu nilichokijua. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mchezaji wa lelemama. Wasioijua, lelemama ni ngoma ya wanawake wa pwani, na vyama vyake vilishindana vikali: sare, nyimbo, mpangilio wa mstari, na zaidi ya yote utulivu wa mwili huku mikono na mabega vikifanya kazi. Bibi alikuwa akisema mchezaji mbaya unamwona anacheza, mchezaji mzuri unaiona ngoma. Nilipowatazama Warusi wale kwenye televisheni nilikuwa namsikia bibi. Katika dansi ya barafu mwanamume harushi mwenzake hewani, na kwa sheria za wakati ule hakuruhusiwa hata kumnyanyua juu ya mabega. Hakuna kuruka mizunguko mitatu minne kama wanavyofanya wachezaji wa peke yao. Kinachoshindaniwa ni miguu: wawili wanakwenda kwa kasi, wamekaribiana mpaka paja linapita kando ya paja, na kila hatua inaangukia kwenye mdundo.

Chuma cha kiatu cha kutelezea kina kingo mbili, ya ndani na ya nje, na katikati yake pana mfereji mwembamba. Mchezaji mzuri hasimami kwenye kingo zote mbili. Analalia mmoja, na mwili mzima unachora duara kuufuata. Kuhama kutoka ukingo wa ndani kwenda wa nje, ukiwa umemshika mtu anayefanya jambo hilo hilo kinyumenyume, bila kuyumba wala kupunguza mwendo, ndiyo kazi yenyewe. Viatu vya dansi chuma chake hukatwa kifupi nyuma ya kisigino ili mmoja asimkanyage mwenzake. Nikiwa mwanafunzi wa mifupa nilivutiwa na jambo moja zaidi: kifundo cha mguu na goti vinabeba kila kitu, na mtazamaji hapaswi kuona mzigo wowote.

Rafiki yangu wa karibu darasani alikuwa msichana wa Sverdlovsk, mji ambao sasa unaitwa Yekaterinburg. Klimova naye alizaliwa huko, kwa hiyo kwa rafiki yangu ilikuwa habari ya nyumbani. Ponomarenko alizaliwa Balkhash, Kazakhstan. Wote wawili walikuwa Moscow wakifundishwa na Natalia Dubova, na walioana mwaka 1984.

Usiku wa shaba yao sikuuona vizuri, na nina sababu. Yuri Andropov, kiongozi wa nchi, alifariki tarehe 9 Februari 1984, katikati ya michezo, akazikwa tarehe 14. Tarehe hiyo hiyo 14 ndiyo Jayne Torvill na Christopher Dean wa Uingereza walicheza dansi yao ya mwisho Sarajevo na kupewa alama 6.0, ya juu kabisa wakati ule, mara kumi na mbili, tisa kati ya hizo kutoka kwa majaji wote tisa kwa upande wa sanaa. Bweni letu lilikuwa limefunga vitambaa vyeusi. Dansi hiyo niliiona baadaye kwenye marudio, na hata mama wa mlangoni, ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifu mgeni, alinyamaza hadi mwisho. Natalia Bestemianova na Andrei Bukin walikuwa wa pili. Klimova na Ponomarenko wa tatu. Rafiki yangu alifurahi kupita kiasi: "Torvill na Dean wanaondoka. Miaka minne ijayo ni yetu."

Torvill na Dean waliondoka kweli. Lakini Bestemianova na Bukin walibaki, na wakawa mabingwa wa dunia mara nne mfululizo: Tokyo 1985, Geneva 1986, Cincinnati 1987, Budapest 1988. Nyuma yao, mara zote nne, Klimova na Ponomarenko. Calgary pia, hivyo hivyo.

Nataka msomaji akae hapo kidogo, kwa kuwa watu huiruka sehemu hii. Kushindwa na mgeni kuna faraja yake. Unarudi nyumbani kwenu. Wao walishindwa na watu wa nchi yao, waliovaa koti lile lile la timu na kupanda ndege ile ile. Tena walishindwa kwa jambo ambalo halipimwi kwa saa wala kwa futi. Bestemianova alikuwa na nywele nyekundu na uso uliojaa tamthilia. Aliingia uwanjani na watu wa safu ya mwisho wakajua anahisi nini. Klimova alikuwa mtu wa mistari: shingo, mgongo, mguu ulionyooka hadi kidoleni. Kwa macho yangu yeye na mumewe waliteleza vizuri zaidi. Majaji waliona vingine, au waliona hivyo hivyo wakaweka uzito mahali pengine. Rafiki yangu alikuwa akilia. Mimi nilikuwa najiuliza mtu anawezaje kuamka kesho yake saa kumi na moja alfajiri na kwenda kufunga viatu.

Jibu nililopata kwa kuwatazama ni kwamba kila mwaka walirudi na dansi iliyokuwa tofauti na ya mwaka uliotangulia, na haikuwa nakala ya aliyewashinda. Hawakujaribu kuwa Bestemianova. Kama walikuwa na uchungu, na ninaamini walikuwa nao, haukuonekana miguuni. Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari, katika darasa ambalo wengine walikuwa wamesoma kwa Kirusi tangu utoto, na nafasi ya pili kwangu ilikuwa ndoto. Lakini nilijifunza pale kufanya kazi ya leo kwa kipimo cha kazi yenyewe. Matokeo yangebandikwa ukutani na mtu mwingine.

Mwaka 1986 ulikuwa mzito Moscow. Aprili ilikuwa ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, na minong'ono ya nini kinywe na nini kisinywe. Tarehe 17 Mei akafariki Pakhomova, kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 39. Mama wa mlangoni alikwenda makaburi ya Vagankovo na maua, akarudi akiwa amevimba macho. Akanieleza, kwa utaratibu kana kwamba ananisomesha, kwamba Pakhomova ameacha hatua. Yeye, Gorshkov na kocha wao Elena Tchaikovskaya walitunga dansi ya tango ambayo iliingizwa kwenye orodha ya dansi za lazima, zile ambazo kila jozi duniani ilipaswa kuzicheza kwa hatua zile zile. Kwa hiyo wachezaji wa Canada, wa Hungary, wa Japani, wote walikuwa wakipita mlemle alimopita. Sijawahi kusikia kumbukumbu ya marehemu iliyo bora kuliko hiyo.

Bestemianova na Bukin walipostaafu mwaka 1988, njia ilifunguka. Klimova na Ponomarenko wakawa mabingwa wa dunia Paris 1989 na Halifax 1990. Nilidhani habari imeisha vizuri. Kumbe ndiyo kwanza inaanza kuwa ngumu.

Kulikuwa na ndugu wawili, Isabelle na Paul Duchesnay, waliokulia Canada na kushindania Ufaransa. Dansi zao zilitungwa na Christopher Dean yule yule, na hazikufanana na kitu chochote: hakuna tabasamu, hakuna rinda la kupepea, miili inavutana na kusukumana. Watazamaji walisimama. Mwaka 1989 walikuwa wa tatu duniani, 1990 wa pili, na Munich, Machi 1991, wakachukua dhahabu. Klimova na Ponomarenko wakarudi nafasi ya pili, waliyoizoea mno. Na Olimpiki iliyofuata ingefanyika Ufaransa, nyumbani kwa Duchesnay.

Isitoshe, kocha wao Dubova alikuwa akifundisha kwenye barafu hiyo hiyo jozi nyingine kubwa, Maya Usova na Alexander Zhulin, waliokuwa wa pili duniani mwaka 1989. Ulikuwa umebaki chini ya mwaka mmoja. Hapo ndipo wakafanya jambo ambalo rafiki yangu hakuliamini: walimwacha kocha aliyewalea na kwenda kwa Tatiana Tarasova.

Huyu Tarasova ndiye aliyekuwa kocha wa Bestemianova na Bukin. Miaka yote ile ya kuwa wa pili, kila walipogeuka kumtazama aliyewashinda, pembeni yake alisimama Tarasova na koti lake la manyoya. Walikuwa mabingwa wa Ulaya, wamewahi kuwa mabingwa wa dunia mara mbili, na Ponomarenko anakaribia miaka 31. Wakaenda kwake kama wanafunzi. Rafiki yangu aliona ni kujidhalilisha. Mimi nilikuwa nimeanza masomo ya ubingwa wa mifupa, nazungukwa na maprofesa ambao hawakuwa wakisalimiana kwa sababu ya tofauti za namna ya kuunga mfupa wa paja, na niliona ni ujasiri mkubwa kuliko medali yoyote.

Nitaruka miaka sasa. Nilirudi nyumbani mwaka 1993 na kufanya kazi ya mifupa mkoani. Katika kazi zangu, iliyokuwa karibu na moyo wangu ni miguu kifundo, watoto wanaozaliwa nyayo zimepinda kuelekea ndani. Nilifundishwa kuipasua: unafungua, unarefusha kano, unanyoosha, unashona. Niliifanya kwa uangalifu na nilijulikana kwa hiyo. Kisha ikaja mbinu ya Dakta Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani, ambayo alikuwa ameianza tangu katikati ya karne iliyopita lakini ikaenea duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Unaunyoosha mguu wa mtoto mchanga taratibu kwa mikono, unaufunga bandeji gumu, baada ya wiki unalifungua, unanyoosha tena, unafunga tena, mara tano au sita hivi. Mwishoni unakata kano ya kisigino kwa tundu dogo tu, na mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, kwanza karibu saa zote kwa miezi mitatu hivi, kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana, hadi karibu miaka minne. Watoto wengi hawahitaji upasuaji mkubwa kabisa.

Aliyeifanya vizuri zaidi karibu nasi alikuwa afisa tabibu kijana wa hospitali nyingine. Akina mama walianza kutupita na kwenda kwake. Wenzangu walisema hajasoma kama sisi, na ilikuwa kweli. Nilikwenda kwake siku ya kliniki. Alinyanyuka kwa haraka: "Shikamoo Dokta, mbona hukusema unakuja?" Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Leo nimekuja kusoma." Alidhani natania. Nikavua saa, nikanawa mikono, nikakaa kwenye kigoda upande wa miguu ya mtoto, akanionyesha kidole gumba kinakaa wapi kwenye mfupa ule mdogo wa pembeni, na jinsi ya kutolazimisha. Nilirudi kila siku ya kliniki hadi aliporidhika na bandeji zangu. Alikuwa mkali kuhusu sehemu ya bandeji inayopita juu ya goti, na alikuwa na haki.

Sitasema kwamba siku ile nilimfikiria Klimova tu. Nilifikiria pia mafuta ya gari na foleni ya wagonjwa niliowaacha. Lakini njiani, nikiwa na wasiwasi wa wenzangu watasemaje, niliyekuwa nikimwona ni yeye akiingia uwanja wa Tarasova na begi la viatu begani. Kama bingwa wa dunia aliweza, mimi nilikuwa najivunia nini?

Turudi Moscow, majira ya baridi ya 1991 na 1992. Tarehe 25 Desemba bendera nyekundu ilishushwa Kremlin. Tarehe 2 Januari bei ziliachiwa huru, na posho yetu ya wanafunzi ikawa karibu sawa na karatasi. Walimu wetu, watu wenye majina makubwa vitabuni, walisimama kwenye foleni za maziwa. Wanamichezo wa iliyokuwa Muungano wa Kisovieti walikwenda Albertville kama Timu ya Pamoja, chini ya bendera ya Olimpiki, kwa kuwa nchi waliyoanza kuishindania haikuwepo tena.

Dansi ya mwisho ilichezwa tarehe 17 Februari. Klimova na Ponomarenko walicheza kwa muziki wa Bach. Watu hubishana hadi leo kwamba Duchesnay walistahili kwa ubunifu wao, na nawaelewa. Waliufungulia mchezo mlango. Lakini tazama miguu. Duchesnay husimama mara kwa mara wakajenga picha, kisha wakaanza tena. Klimova na mumewe hawasimami. Kila ukingo unazaa unaofuata, wako karibu kiasi kwamba huoni nani anaongoza, na safari hii kulikuwa na jambo lililokosekana miaka yote ya nyuma: joto. Mistari ile ile, shingo ile ile, lakini sasa mwanamke anamtazama mwanamume na unaamini kuna maisha kati yao. Hicho, naamini, ndicho walichokifuata kwa Tarasova. Duchesnay wakawa wa pili, Usova na Zhulin wa tatu.

Ulipigwa wimbo wa Olimpiki, ule usio wa nchi yoyote. Rafiki yangu alikuwa analia tena, na safari hii nilimwelewa: furaha na msiba vilikuwa vimeingia pamoja. Mwezi uliofuata walichukua tena ubingwa wa dunia, Oakland, kisha wakaaga mashindano.

Baadaye walihamia Marekani, wakacheza maonyesho, wakawa walimu California. Mtoto wao Anthony naye akawa mchezaji wa dansi ya barafu na kuishindania Marekani. Rafiki yangu, ambaye sasa ni daktari wa watoto Yekaterinburg, hajalisamehe jambo hilo. Anasema ufundi ule ulijengwa na barafu ya Moscow na ungepaswa kurudi. Mimi nasema mtoto huchezea alipozaliwa na kukulia, na kwamba wazazi wake waliondoka na kile walichokuwa nacho miguuni, basi. Mwaka 2018 Anthony na Christina Carreira walipata fedha ya dunia kwa vijana, huko Sofia, na jozi ya Urusi ikapata dhahabu. Rafiki yangu alinipigia kabla sijampigia, sauti imejaa ushindi. Nikamwambia aache medali, atazame magoti ya yule kijana, amwambie kweli ni ya nani. Tukabishana mpaka bando langu likaisha.